Hela hiyo si ya kuokota

Mwakeye, ndugu zangu. Nimesikiliza sauti zote mlizonitumia wiki hii. Baba mdogo anauliza inakuwaje mtoto wa nyumbani alambe dume Uingereza halafu yeye aje kuambiwa na majirani. Shangazi anasema Mwandiga nzima, hapo Kigoma, inajua kuna bibi wa kizungu amekufa akaniandikia nyumba. Mdogo wangu, wewe umeniomba nikutafutie njia na wewe uje, kwa kuwa wote wawili tunalea watoto peke yetu na mimi sasa nimeshatoka. Na kuna ndugu mmoja, simtaji, amechukua saruji dukani Mwanga kwa jina langu akisema dada atalipa. Nawajibu wote kwa pamoja.

Sikucheza bahati nasibu. Hakuna bibi aliyeniandikia nyumba. Hata zawadi ya maana haturuhusiwi kupokea kwa mzee unayemhudumia. Nilicholipwa ni mshahara wangu mwenyewe uliokuwa umekaliwa. Ni pauni 6,300, kama milioni 21 za kwetu. Ziliingia Ijumaa moja nikiwa nimeshakata tamaa nazo, na ni kweli maisha yangu yamebadilika. Hapo hamjasema uongo. Ninachokataa ni kuambiwa zimedondoka, kwa sababu kitu kilichodondoka kila mtu anajiona ana haki ya kuinama achukue.

Baridi na upweke mmeshasikia kwa wengine, sirudii. Sikilizeni kazi yenyewe. Nahudumia wazee majumbani mwao. Saa 1 asubuhi naingia nyumba ya kwanza. Mzee ana dakika 30 zangu: nimwamshe, nimbadilishe nepi, nimwoshe, nimpe dawa, nimvalishe zile soksi za kubana za kuzuia damu isigande miguuni. Soksi hizo hazipandi kirahisi. Unapiga magoti, unazivuta kidogo kidogo, ngozi ya mzee ni laini kama karatasi ya sigara, ukiharakisha unamchubua. Halafu chai, halafu mkate, halafu uandike kwenye simu kila ulichofanya. Ukitoka mlangoni unabonyeza simu, na pale pale malipo yanasimama.

Nyumba ya pili iko mbali. Unasubiri basi, hakuna pa kukaa, hakuna choo. Nimeshazoea kutokunywa maji asubuhi kwa sababu hiyo. Dakika 25 kwenye basi, 10 kwa miguu, ukichelewa unapigiwa simu na kufokewa. Muda huo wote hulipwi. Ukiingia ndani malipo yanaanza, ukitoka yanasimama tena. Narudi saa 4 usiku, nimekuwa nje tangu alfajiri, na karatasi ya mshahara inasema nimefanya kazi kwa saa 7 tu.

Kumbe sheria ya huku inasema muda wa kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine ni muda wa kazi. Ukijumlisha yote, huwezi kulipwa chini ya kima cha chini, ambacho Aprili 2024 kilikuwa pauni 11.44 kwa saa na Aprili 2025 kikapanda hadi 12.21. Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Zimbabwe, tulikuwa tunakutana kituoni. Akaniambia: nunua daftari, andika kila kitu. Nikaandika. Natoka nyumba hii saa 1 na dakika 35, basi saa 1 na dakika 50, nafika saa 2 na dakika 25. Kurasa nyingine zimelowa mvua, wino umetambaa, lakini zinasomeka.

Mtauliza kwa nini sikudai mapema. Kwa sababu viza yetu imefungwa kwa mwajiri. Akikuachisha, au serikali ikimnyang'anya leseni ya kuleta wafanyakazi, kwa kawaida unapewa siku 60 upate mwajiri mwingine au ufungashe. Wenzangu wengi walinyamaza na siwalaumu, wana watoto kama mimi. Msimamizi wetu alipenda kutukumbusha kwamba tuwashukuru waliotuleta. Nilimsikiliza nimeinamisha kichwa, mtu mzima mimi, niliyelea mtoto Kigoma kwa kuuza mawese kwa kibaba.

Nikajiunga na chama cha wafanyakazi, nikaenda Acas. Ile ni ofisi ya usuluhishi, haitozi kitu, na nililazimika kuiwahi kabla ya miezi 3 kasoro siku 1 tangu makato ya mwisho. Kampuni ikabisha, ikasema daftari langu halina maana. Nikafungua kesi mahakama ya kazi. Siku ya kusikilizwa ilipokaribia wakalipa.

Sasa matumizi, ili mtu asije akasema nimeficha.

Milioni 4 zimekwenda kulipa madeni ya mama. Mnakumbuka Ziwa Tanganyika lilivyofungwa kwa uvuvi 2024, Mei 15 hadi Agosti 15. Mwaloni Kibirizi hakuna dagaa, na biashara ya mama ni dagaa. Miezi hiyo hiyo kampuni ilinipunguzia nyumba za kuhudumia, nikatuma kidogo sana. Mama hakuniambia kitu. Alikopa kikoba, kikoba kikamzidi, akaenda kwa hawa wakopeshaji wa kausha damu, wakaja wakabeba kabati na redio mbele ya mjukuu wake. Nililijua hilo kwa mtoto, kwenye simu, aliponiambia bibi amehamisha kabati. Nililia mpaka nikashindwa kwenda kazini. Kwa hiyo hela ya kwanza ilikwenda huko, na wale jamaa wa kausha damu mama asikutane nao tena maisha yake.

Milioni 3 ni bati la nyumba ya mama na ukuta wa nyuma. Pauni 1,615 ni chumba changu hapa. Nilikuwa nalala chumba kimoja na wenzangu, huwezi kuleta mtoto pale. Kodi ya mwezi 750, na dhamana ya wiki 5, sheria hairuhusu kuzidi hapo. Nauli yangu ya kuja kumchukua mwanangu na yake ya kuondoka, pauni 1,500. Makaratasi yake, safari za Dar, kipimo cha kifua kikuu, ada ya viza, na zile pauni 315 ambazo lazima zionekane zimekaa benki, hapo weka 700. Mkipiga hesabu mtaona kilichobaki hakifiki pauni 400. Hiyo ndiyo nyumba ya bibi wa kizungu.

Ndiyo, namchukua mwanangu, na hili ndilo lililobadilika. Mimi niliingia 2023. Waliopata kazi hii kuanzia Machi 11, 2024 hawaruhusiwi kuleta watoto. Nafanya kazi na mama mmoja aliyekuja baada ya tarehe hiyo, ana wawili kwao, anawaogesha wazee wa watu huku akiongea na wanawe kwa simu ya sikioni. Mimi mlango ulikuwa bado wazi, kilichokosekana ni hela tu. Nilishindwa kulala kwa ajili ya hela iliyokuwa yangu.

Baba yake mtoto amekuja kwa mama na kilo 5 za sukari, nimesikia. Amenywa chai, ameuliza nitatuma lini. Mama, mpokee kama mgeni, sukari itumieni. Lakini wanaotoa viza wanataka uthibitisho kwamba mzazi mwenye jukumu ni mmoja tu: risiti za sare, michango ya shule, miamala ya simu, barua ya mwalimu mkuu. Vyote vina jina langu tangu mtoto ana wiki moja. Sitaki ugomvi naye, na hela simpi.

Mdogo wangu, sasa wewe. Usije. Tangu Julai 22, 2025 Uingereza imefunga kabisa kuchukua watu wapya wa kazi hii kutoka nje. Yule mtu wa Dar aliyekuambia utoe milioni 12 akupe barua ya kazi ya kulea wazee ni mwizi. Hata mlango ulipokuwa wazi, kumtoza mtu hela ili umpatie kazi ya huku kulikuwa kosa kwa sheria za huku. Usiuze kiwanja cha Gungu. Nasema tena, usikiuze, na usiweke rehani.

Lakini sikudanganyi kwamba nyumbani kunatosha. Najua unavyoamka. Kama una nguvu ya kusoma, nenda kasome uuguzi, Kabanga pale Kasulu hapako mbali, na wauguzi waliosajiliwa bado wanachukuliwa wakifaulu mitihani yao na Kiingereza. Mtoto wako usimwache, mimi najua ninachokuambia. Ila kama ndiyo njia pekee, mwache kwa mama, hakuna atakayemlea vizuri kuliko mama. Ada ya mwaka wa kwanza nitatafuta. Usinishukuru, na usimwambie mtu.

Wengine wote, msiniombe mwaka huu. Msiba na ugonjwa nijulisheni, hapo sitauliza. Harusi, simu mpya, pikipiki ya biashara, hapana. Baba mdogo, nakuheshimu, wewe ndiye uliyenipeleka stesheni siku naondoka na ukanipa elfu kumi yako ya mwisho, sijasahau na nitakurudishia kwa namna yake. Lakini hilo la saruji tafadhali lisimamie wewe. Mwambie mwenye duka jina langu lisiandikwe tena kwenye daftari lake. Mifuko iliyochukuliwa, aliyejengea alipe. Nikiilipa hiyo, mwezi ujao nitaletewa ya nondo.

Mama, Jumatatu usiende Kibirizi. Mchukue mjukuu wako mwende Uhamiaji na cheti chake cha kuzaliwa cha RITA, siyo kile cha zahanati. Mnajua sisi wa Kigoma tunavyoulizwa uraia, wanaweza kukuuliza kijiji cha babu na jina la mjumbe. Beba kitambulisho chako cha taifa, beba na cheti changu kilichomo kwenye sanduku la bati, chini ya kanga ya bibi. Wakikuzungusha, usigombane nao, nipigie hapo hapo. Jumatatu sifanyi kazi. Ada ya pasipoti ni 150,000, nimeituma jana kwa simu ya mdogo wangu pamoja na ya kutolea, na nauli ya bajaji imo.