Mbwa wa shamba anayeogopa bodaboda: usimfunge barabarani ili "azoee"

Mkuu mleta mada, umesema jike lako la miezi mitano umemtoa shambani Sikonge ukamleta Tabora mjini, na sasa bodaboda ikipita anajibana chini ya kitanda, honi ya treni ikilia ndiyo kabisa. Kuna mchangiaji kakushauri umfunge kwenye nguzo kando ya barabara kutwa nzima mpaka azoee. Huyo nampinga.

Kushtuka mbwa hafundishwi. Sauti ngeni ikimjia ghafla, masikio yanalala nyuma, mkia unaingia katikati ya miguu, manyoya ya mgongoni yanasimama. Hapo atakimbia, ataganda, au atang'aka. Ukishamfunga kamba, kukimbia umemnyima. Jirani yangu mmoja alifanya hivyo hivyo, mbwa akatulia kimya, yeye akatutambia kwamba dawa imefanya kazi. Dawa gani! Mbwa alikuwa ameganda, udenda unamchuruzika, nyama akiwekewa haigusi. Haukupita muda akamng'ata kijana wa bodaboda aliyekuja kushusha gunia la mkaa.

Kinachomfundisha mbwa ni kile kinachofuata baada ya mshtuko, na somo analolipata si lazima liwe lile unalodhani. Dume wangu, Simba, alitufuata siku ya kurina asali kwenye mizinga ya mjomba. Nyuki wakamshukia puani. Ungetegemea aogope mizinga, sivyo? Mizinga anapita karibu yake bila wasiwasi. Anachokimbia mpaka leo ni bomba la kufukizia nyuki moshi na mtu yeyote aliyevaa kofia ya wavu, hata akiwa mjomba mwenyewe anayemtupia mifupa kila siku. Moshi na kofia vilitangulia, maumivu yakafuata, akaviunganisha. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, alilionyesha hilo kwa mate ya mbwa: mlio ukitangulia chakula mara nyingi, mwishowe mate yanatoka kwa mlio peke yake. Tofauti ni kwamba maumivu hayahitaji mara nyingi.

Basi utumie mpangilio huo huo kwa faida yako. Mpeleke mbali na barabara, pale ambapo bodaboda anaisikia lakini bado anakula. Mlio kwanza, halafu dagaa mkavu mmoja. Usianze na dagaa, maana ukitangulia chakula utamfundisha kwamba dagaa ndio wanaoleta pikipiki, na dagaa nao atawakimbia. Kipimo chako ni mdomo wake: akikataa kitu anachokipenda, akipiga miayo wakati hana usingizi, au akijiramba pua mfululizo, umesogea mno, rudi nyuma. Mkisogea, iwe kidogo kidogo, na siku ambayo hayuko sawa msisogee kabisa.

Treni huwezi kuipunguza sauti, wala haikungoji. Honi ikilia, mtupie dagaa hapo hapo alipo, na akitaka kujificha mwache ajifiche. Wengine humu watakwambia ukimbembeleza unamlea woga. Si kweli, woga hauongezeki kwa kushikwa mgongoni. Unaongezeka kwa fimbo, maana fimbo nayo ni maumivu yanayofuata honi.

Kuhusu umri, hapo umechelewa kidogo ila usikate tamaa. Dirisha la mtoto wa mbwa kuyapokea mageni bila hofu kubwa ni takriban wiki ya 3 hadi ya 14. Mwaka 1961 Daniel Freedman na wenzake kule Marekani walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa mbwa waliolelewa uwanjani bila kushikwa na binadamu. Wale waliofika wiki ya 14 hivyo hivyo walimkimbia mtu kama wanyama wa porini. Wako alikulia kwa watu, kwa hiyo watu anawajua. Pikipiki ndizo hakuzijua. Kazi yako ni nyepesi kuliko ile.

Na kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujaanza haya yote. Mbwa mwoga ndiye anayeuma.

Sasa nijibu: honi ikilia huwa anakula, au anasusa? Na huko chini ya kitanda hutoka mwenyewe baada ya muda, au mpaka avutwe?