Mitandio haikubadilishwa

Mikindani, Jumapili asubuhi

Mwanangu Somoe,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza nilisikia kilio tu. Umenunua jora la pamba la zambarau kwa sare za harusi ya mdogo wako, ukachukua na mitandio kumi na miwili ya shifoni. Usiku ule dukani ulivilaza pamoja kaunta, ukaona rangi ni moja, ukalipa. Asubuhi umevitoa uani: pamba ni zambarau, mitandio imeelekea damu ya mzee. Unaniuliza, "Mama, rangi inabadilikaje kwa usiku mmoja? Au yule kaka amenibadilishia wakati wa kufunga mzigo?"

Hakukubadilishia. Nakuomba usirudi dukani kwake na maneno hayo, mtu yuko kwenye riziki yake na kosa hana. Vitambaa ni vilevile ulivyovichagua. Kilichobadilika ni mwanga uliovimulika, na hili nataka ulielewe vizuri, maana nimeona watu wakivunjiana heshima kwa jambo hili hili.

Mwanga wa jua tunauona mweupe, lakini ni mchanganyiko. Mwaka 1666 Isaac Newton alitia giza chumba chake, akaacha tundu dogo dirishani, mwale wa jua ukapita kwenye kioo cha pembe tatu na kutua ukutani kama upinde wa mvua. Wengi wakati huo waliamini kwamba kioo ndicho kinachoutia mwanga rangi. Yeye akachukua rangi moja tu kati ya zile, akaipitisha kwenye kioo cha pili. Haikuzaa rangi nyingine. Nyekundu ilibaki nyekundu. Basi kioo hakipaki kitu, kinatenganisha kilichokuwamo tangu mwanzo. Nimelifundisha jaribio hilo miaka mingi kwa chaki na ubao, na mpaka leo naliona ni moja ya mambo mazuri kuliko yote ambayo mtu amewahi kufanya na tundu la dirisha.

Kinachozitofautisha rangi hizo ni urefu wa wimbi. Nyekundu ina mawimbi ya karibu nanometa 700, urujuani karibu 400, na nanometa moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni.

Sasa kitambaa. Dawa iliyotiwa kwenye nyuzi humeza baadhi ya mawimbi na kurudisha yaliyobaki, na hayo yaliyorudi ndiyo tunayoyaita rangi yake. Jani la mkorosho hapo nje humeza sana nyekundu na bluu ili mti ujitengenezee chakula, kijani ndicho kinachorudi kwetu. Lakini kitambaa hakiwezi kurudisha kitu ambacho hakikuletewa. Mjomba wako alipokuwa akizamia kule Msimbati alituambia kwamba samaki mwekundu akiwa chini sana anaonekana wa kijivu, karibu mweusi, na wekundu wake unarudi ukimpandisha juu. Bibi yako alidhani anatutania. Ni kweli kabisa: maji humeza nyekundu kabla ya rangi nyingine, na ukifika mita kumi hivi imebaki kidogo sana. Samaki yuko tayari kuirudisha, ila haimfikii.

Duka lako nalo lilikuwa na upungufu wake. Umesema juu kulikuwa na taa nyeupe za mrija. Chukua sidii moja ya zamani kwenye lile boksi ulilohama nalo. Simama ndani karibu na mlango, upande wake unaong'aa uuelekeze kwenye anga (jua lenyewe usilitazame hata kwa kupitia sidii, litakuumiza macho). Utaona rangi zote zikifuatana bila kukatika. Kisha nenda chini ya taa ya mrija, uinamishe sidii mpaka uone taa ndani yake. Utaona rangi zimekatika vipande vipande, na katikati kuna mapengo meusi. Ndani ya mrija kuna mvuke wa zebaki unaotoa mwanga usioonekana kwa macho, na ile poda nyeupe iliyopakwa kwenye kioo ndiyo inayougeuza uonekane. Lakini poda haigeuzi kwa rangi zote sawasawa. Inatoa zaidi bluu kidogo, kijani kidogo, nyekundu kidogo, basi jicho linaridhika kwamba hapa pana mwanga mweupe.

Jicho letu, mwanangu, halihesabu mawimbi. Kwa rangi lina aina tatu tu za chembe: zinazoitikia zaidi mawimbi marefu, ya kati, na mafupi. Michanganyiko miwili tofauti kabisa ikizigusa chembe hizo kwa kiasi kilekile, jicho linasema ni rangi moja, halina namna ya kujua zaidi. Ukitaka kuliona hilo kwa karibu, fungua picha nyeupe kwenye simu yako, chovya kidole majini, udondoshee kioo tone dogo kabisa. Tone linakuza kama lenzi. Ndani yake utaona vinukta vyekundu, vya kijani na vya bluu, na cheupe hakuna hata kimoja.

Hapo ndipo mitandio yako ilipokupoteza. Pamba na polista, ambayo ndiyo shifoni yako, hazitiwi rangi kwa dawa moja, dawa inayoshika pamba haishiki polista. Kwa hiyo fundi wa kiwandani aliyetaka zambarau alitumia mapishi mawili, na kila pishi linarudisha mawimbi kwa namna yake. Chini ya taa ile yenye mapengo majibu yalilingana. Mitandio, ninavyokisia, inarudisha sana ule wekundu wa mwisho kabisa, ambao taa ya mrija inao kidogo sana. Jua limeuleta wote, nayo ikaurudisha wote. Ndiyo damu ya mzee uliyoiona uani.

Mimi yalinikuta kabla hujazaliwa. Nilishona gauni la mwalimu mwenzangu usiku, nikamalizia ukosi kwa kipande cha jora jingine. Alilivaa asubuhi kwenye mahafali, ukosi unapiga kelele peke yake mbele ya wazazi wote. Alinyamaza, hakunilaumu hata siku moja, na mimi bado naumia nikikumbuka. Tangu hapo sikati kitambaa kabla sijakitoa mlangoni, na siridhiki na jina la rangi. Kiswahili kina -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi zilizobaki tunaazima kwa vitu, jani, jivu, kahawa, chungwa. Ukimwambia muuzaji "zambarau," yeye anafikiria tunda lililoiva na wewe unafikiria linaloanza kuiva. Beba kipande, muombe mtoke nacho nje, hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayekasirika.

Kuhusu kurudisha mitandio, subiri kidogo. Ndoa inafungwa baada ya alasiri na picha zitapigwa pale ufukweni saa kumi na moja, jua limeshainama upande wa bara. Likiwa chini, mwanga wake unapita hewa nyingi zaidi, bluu inatawanyika njiani na wekundu ndio unaofika. Hapo mitandio itazidi kuwa nyekundu kuliko ulivyoiona. Lakini sherehe yenyewe ni usiku ukumbini, na huko sijui wamefunga taa gani. Kama ni za mrija, watu watasema umepata sare ya kipekee. Kama ni zile globu za zamani za waya, wekundu nazo zinao tele.

Nikatie kipande cha pamba na kipande cha mtandio, upana wa kiganja tu, umpe kondakta wa basi la kesho. Nikivipata, jioni nitapita ukumbini na sidii yangu kabla hawajafunga, halafu nitakupigia. Pesa ya mitandio mingine ninayo, usiwaze hilo.

Mama yako