Ukitaka Chemshabongo ya Marafiki Idumu, Anza na Swali Lenyewe

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia akilalamika kwamba shindano la maswali aliloanzisha kwenye kundi la WhatsApp la watu aliosoma nao limekufa kabla msimu haujafika nusu, na kwamba wawili kati ya washiriki hawasalimiani tena. Anauliza sisi tumewezaje. Ujumbe wake umenikuta katika wakati mzuri, kwa kuwa Jumapili iliyopita tumefunga msimu mwingine wa chemshabongo yetu, yenye washiriki walioko Tanga, Dar es Salaam, Mwanza, Unguja, Muscat na Minneapolis, na msimu huu hakuna hata mmoja aliyejitoa kwenye kundi. Nalisema hili kwa fahari, maana wapo walioapa kwamba hatutafika mbali, na baadhi yao ni watu niliolala nao bweni moja.

Jibu langu kwake ni moja, naye anisamehe nikilirudia. Chemshabongo ya marafiki huuliwa na swali lenye majibu mawili. Wengi hudhani ugomvi huletwa na tabia za watu: huyu mbishi, yule hapendi kushindwa, mwingine ana makuu tangu shuleni. Tabia hizo zipo, na sisi tunazo za kutosha, lakini mbishi hana pa kushika ikiwa swali limeandikwa vizuri na jibu lake limeandikwa kabla swali halijatumwa.

Katika msimu wetu wa kwanza tulikuwa na utaratibu kwamba mshindi wa wiki ndiye anayetunga maswali ya wiki inayofuata. Mwenzetu mmoja, mtu mwema sana na mwalimu kwa taaluma, akauliza: Tanzania ilipata uhuru mwaka gani? Alitarajia watu waandike 1961, na wengi waliandika hivyo. Ndugu yetu aliyeko Muscat, ambaye ni mzaliwa wa Unguja, akajibu kwamba swali halina jibu, kwa sababu mwaka 1961 hapakuwa na nchi iitwayo Tanzania. Iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ni Tanganyika. Zanzibar ilipata wake tarehe 10 Desemba 1963, yakafuata Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, kisha Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka huohuo, na jina la Tanzania likaja baadaye, mwezi Oktoba. Mtunzi alimnyima alama. Mjadala uliendelea hadi usiku wa manane, ukatoka kwenye historia ukaingia kwenye Muungano, ukatoka kwenye Muungano ukaingia kwenye mambo ya nani alimsema nani siku ya harusi ya nani. Kama swali lingesema Tanganyika, tungelala mapema.

Tangu hapo nimeyachukua maswali mwenyewe. Utaratibu wa mshindi kutunga niliufuta, ingawa nililaumiwa kwamba najifanya mwenye shindano. Kila swali nalipima kwa kujiuliza ni nani anaweza kulipinga, na kwa hoja gani. Ukiuliza ziwa kubwa kuliko yote Afrika, lazima useme ni kwa eneo au kwa kina, kwa kuwa Victoria inaongoza kwa eneo na Tanganyika inaongoza kwa kina. Ukiuliza idadi ya mikoa ya Tanzania, jua kwamba aliyemaliza shule zamani kidogo amekariri 26, kabla ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu kuongezwa mwaka 2012 na Songwe kufuatia mwaka 2016, hivyo jibu la leo ni 31. Basi andika neno "leo" ndani ya swali. Na ukiwa na mashabiki wa Yanga katika kundi, usiulize kwa mkato nani alishinda fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya mwaka 2023, kwa sababu Yanga ilifungwa 2-1 Dar es Salaam, ikashinda 1-0 Algiers, na USM Alger wakachukua kombe kwa faida ya mabao ya ugenini. Shabiki wa kweli atakuambia Yanga ilishinda, na atakuonyesha matokeo ya mechi ya pili. Uliza ni klabu gani ilikabidhiwa kombe.

Swali ninalojivunia zaidi msimu huu lilihusu Filbert Bayi: ni katika mji gani aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974? Jibu ni Christchurch, New Zealand, na hakuna mtu duniani awezaye kulipinga. Nilipotoa jibu niliongeza kwamba aliyemfuata siku ile, John Walker, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, na kundi likachangamka kwa muda mrefu bila mtu kumkwaza mwenzake. Swali zuri huwaacha watu na jambo la kuzungumza.

Kuhusu mtandao nitasema kwa ufupi, ila ni jambo linalohitaji uamuzi kabla ya kuanza. Usimpe alama anayewahi kujibu. WhatsApp huonyesha muda wa ujumbe kwa dakika tu, na ujumbe hauwafikii watu wote kwa mpangilio uleule, hivyo aliyeko Dar es Salaam kwenye intaneti ya nyaya atamshinda kila siku aliyeko kijijini anayetafuta mtandao juu ya kichuguu. Sisi tunatoa sekunde 30, kila mmoja ananitumia jibu kwa faragha, na wote waliopata wanapata alama sawa. Jibu lililohaririwa halihesabiwi, kwa kuwa alama ya kuhaririwa huonekana na haina mjadala. Nyenzo ya kura iliyomo humo humo tuliijaribu tukaiacha, maana kila mtu alikuwa anaona wenzake wamechagua nini, na wavivu walisubiri kwanza aliyesoma sana apige yake. Kwa raundi ndefu, fomu ya Google inatosha. Kahoot, programu ya mtandaoni ya michezo ya maswali, inapendeza macho, lakini huongeza alama kwa wepesi wa kujibu, na hapo tunarudi kwa yule wa kwenye kichuguu. Fainali tunaifanya Zoom, ambapo mkutano wa bure hukatika baada ya dakika 40, kwa hiyo maswali yasizidi 20.

Saa pia zitangazwe kwa ukamilifu. Saa tatu usiku ya Tanzania ni saa nne usiku Muscat, na Minneapolis ni saa saba mchana wakati wa kiangazi chao, kisha inakuwa saa sita mchana wanaporudisha saa nyuma mwezi Novemba. Shemeji yetu wa kule aliwahi kukosa nusu fainali kwa sababu hiyo, akadai raundi irudiwe. Haikurudiwa, kwa kuwa saa zilikuwa zimeandikwa tangu Ijumaa.

Wengi huniuliza habari ya wanaotafuta majibu Google. Sekunde 30 hupunguza tatizo, na swali likitumwa kama picha halinakiliki kwa urahisi. Dawa bora, hata hivyo, iko katika swali lenyewe. Mwambie mtu apange kuanzia la zamani: kutangazwa kwa Azimio la Arusha, kuanza kwa Vita vya Kagera, na Taifa Stars kucheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza. Hayo ni ya 1967, 1978 na 1980, na atakayeanza kuyatafuta moja moja muda utamwishia. Zaidi ya hapo, ndugu zangu, mtu mzima anayeiba jibu katika mchezo usio na hata shilingi moja anajidhalilisha mwenyewe, na sioni kwa nini tumfiche. Watoto wetu wanatuona tukicheza. Kama baba anaiba alama mbele yao siku ya Jumapili, Jumatatu atamfundisha nini mwanawe anayekwenda kwenye mtihani?

Nimesema hakuna shilingi, na hili lina sababu yake. Palitolewa pendekezo kwamba kila mshiriki achange na mshindi achukue chote. Wenzetu kadhaa Waislamu walieleza kwa upole kwamba fedha ya washiriki inayokwenda kwa mshindi ni kamari, nao hawataweza kushiriki. Nilikubaliana nao papo hapo, na ningekubaliana nao hata kama dini isingetajwa, kwa sababu swali bovu lisilo na fedha huleta mabishano, lakini swali bovu lenye fedha huleta kesi. Mshindi wetu huwekewa picha yake kwenye wasifu wa kundi kwa mwezi mzima, naye huchagua picha aipendayo. Amini usiamini, watu wazima wenye vyeo hulipigania hilo.

Baadhi ya waliotaka fedha waliondoka wakaanzisha kundi lao. Walichukua jina letu wakalibadilisha herufi, wakachukua kanuni nilizoziandika kwa mkono wangu, pamoja na ile ya ujumbe uliohaririwa, na hawakusema wamezitoa wapi. Siwatakii mabaya. Nimesikia kwamba waligombana katika wiki ya mchango wa pili juu ya swali la mji mkuu wa Tanzania, kwa kuwa mtunzi alitaka mwaka wa uamuzi wa kuhamia Dodoma, ambao ni 1973, na mshiriki alitoa mwaka wa sheria iliyoutambua mji huo, ambao ni 2018. Swali lenye majibu mawili. Niliwaambia. Mtu akikupa kanuni, chukua na sababu yake, na umtaje aliyekupa. Elimu isiyomtaja mwenyewe haina baraka, nami nitalisema hilo hata kama wanasoma hapa, na najua wanasoma.

Msomaji wangu alitaka pia kujua tunafanyaje watu wakifungana alama. Uliza swali moja la tarakimu ambayo hakuna anayeijua kwa moyo, na aliye karibu zaidi ashinde. Jumapili iliyopita waliofungana niliwauliza Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wangapi Tanzania. Jibu, nililokwisha kulituma mapema kwa mwenzetu mmoja asiyeshiriki ili alitunze, lilikuwa 61,741,120. Dada wa Mwanza alisema milioni 62, kaka wa Tanga akasema milioni 59 na nusu. Kaka bado hajampongeza mwenzake, lakini swali hajalipinga, na jina lake tayari limo kwenye orodha ya msimu ujao.