Mkuu, mwambie fundi asije Jumamosi

Mkuu, simamisha hiyo kazi. Nimesoma ulichoandika mara mbili: kiwanja kiko Arusha upande wa chini, udongo mweusi, Jumamosi unamwaga mkanda wa zege wa meta 30 kuzunguka bustani, halafu reli za treni yako ndogo ya mfano unazifunga juu yake kwa skrubu. Na unauliza ununue kichwa gani cha treni, na utumie betri au umeme wa relini. Kichwa kitasubiri. Hilo zege ndilo litakalokumaliza.

Mimi nilifanya hivyo hivyo hapa Moshi, huku chini Mabogini. Nilikuwa na meta 42 za reli za shaba ya njano (brass) za LGB, kampuni ya Kijerumani ya treni za bustani, zile za upana wa milimita 45, nilizokusanya kidogo kidogo kutoka Ujerumani kwa karibu miaka minne, nyingine zikija kwenye mabegi ya watu. Nilitaka masika yapite kwanza nione maji yanaelekea wapi. Fundi akacheka: "Bosi, zege halilali." Mifuko 10 ya saruji, nondo, siku mbili kazi imekwisha. Nikafunga kila taruma, vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli.

Februari jua likaanza. Shaba hiyo ya njano hurefuka ikipata joto. Meta 10 zikipanda nyuzi 30 huongezeka karibu milimita 6. Huku kwetu reli iliyo wazi alfajiri ni ya baridi, saa nane mchana huishiki. Hizo milimita zinatafuta pa kwenda, na mimi nilikuwa nimeziziba pande zote. Reli ikajipinda kama nyoka, ikang'oa skrubu 11 na kupasua mataruma ya plastiki. Nikadhani skrubu ni dhaifu, nikaweka nene zaidi.

Kisha masika. Huu udongo ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, wala hauvimbi sawasawa. Kingo za mkanda zililowa, katikati chini ya zege pakabaki pakavu. Zege likanyanyuka na kukatika sehemu tatu. Pale penye mwembe kipande kimoja kilipanda sentimita 4 juu ya mwenzake, na reli nilizozikaza kwa skrubu nene zikapinda pamoja nacho. Si hilo tu. Mkanda ulikuwa umegeuka ukuta: maji yanayotoka kwa jirani yakatuama bustanini wiki nzima, mchicha wa mke wangu ukaoza wote. Mwezi wa tano nikapasua kwa nyundo zege nililolilipia mwezi wa kwanza. Katika zile meta 42 niliokoa 27. Miaka minne ya kujinyima, mkuu.

Fundi nilipompigia alisema hajawahi kujenga reli. Sasa kwa nini alinihakikishia? Na yule Mzungu wa kwenye video niliyemfuata neno kwa neno, bustani yake iko Ulaya, hakusema hata mara moja mtu aangalie udongo wake kwanza. Na anayesema huu ni mchezo wa watoto aje anyanyue kichwa changu cha treni kwa mkono mmoja, ndipo tuongee.

Nenda stesheni ya Moshi ukaangalie. Reli ya Tanga ilifika hapa mwaka 1911, ni ya upana wa meta moja, na hizi zetu ndizo hizo hizo zilizopunguzwa mara 22.5. Imelala juu ya nini? Kokoto! Maji yanapita katikati yake, na ardhi ikishuka wanashindilia kokoto nyingine chini ya mataruma, treni inaendelea.

Nilivyojenga upya: mtaro wa upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 20, wenye mteremko mdogo kuelekea mahali pa kutolea maji. Chini nikatandika viroba vilivyopasuliwa, ili tope jeusi lisipande kwenye kokoto. Juu yake kokoto za nusu inchi, mwisho chenga za kwenye mashine ya kusaga mawe. Usichukue za mtoni, ni za mviringo, hazishikani. Reli inalazwa tu, unajaza chenga hadi usawa wa mataruma, hufungi popote. Tangu hapo yamepita masika matatu. Kila Juni napita na pima maji na ndoo ya chenga, asubuhi moja inatosha.

Hata betri au umeme wa relini inarudi hapo hapo: reli ikivutwa na zege jointi zinalegea, umeme unakatika nusu ya duara, na utalaumu transfoma bure.

Mpigie fundi leo. Kama ameshashusha kokoto, hizo zibaki, arudishe saruji.