Mmeuliza: kumpasua mtoto mapafu kwa matundu madogo

Shikamoo daktari. Nikiwa mjamzito, altrasaundi ilionyesha uvimbe wa majimaji kwenye pafu la mwanangu. Sasa ana miezi 4, ananyonya vizuri, hakohoi, lakini wanasema apasuliwe. Kwa nini asiachwe? Mama Nasra, Kigamboni

Marahaba, Mama Nasra. Kumpeleka mtoto mzima chumba cha upasuaji kunauma, nakuelewa. Kipande hicho cha pafu kiliumbika vibaya tangu tumboni. Makohozi hutuama humo, ndiyo maana baadhi ya watoto huja kupata nimonia inayorudi palepale, na mara chache sana hutokea saratani. Kwa mtoto asiye na dalili madaktari hatukubaliani wote. Wapo wanaochagua kumfuatilia tu. Mimi naegemea kumfanyia mapema. Pafu ambalo halijaugua halijagandana na ukuta wa kifua, hivyo kazi huwa nyepesi. Tena vifuko vya hewa huendelea kuongezeka miaka ya mwanzo, na kipande kibovu kikishatolewa, sehemu inayobaki hukua ikaziba pengo. Hakikisha amepigwa siti skani kwanza. Eksirei inaweza kuonekana safi na tatizo lipo.

Hayo matundu ya kumpasulia mtoto kifuani yana ukubwa gani? Baba Juma, Tandika

Kwa kawaida ni matatu, ya milimita 3 hadi 5. Moja la kamera, mengine ya vifaa. Mbavu hazitanuliwi, na hilo ndilo kubwa: njia ya kufungua kifua humwachia mtoto hatari ya bega kukaa vibaya na uti wa mgongo kupinda anapokua.

Ila tundu kuwa dogo hakufanyi operesheni kuwa ndogo. Ni nusu kaputi kamili. Kabla ya kuuliza habari za kovu, uliza kama daktari wa usingizi amezoea watoto wachanga. Na damu ikitoka kwa wingi, kifua kitafunguliwa. Hapo wanamwokoa mwanao.

Siku ya operesheni nimnyonyeshe? Mama Ilham, Ilala

Mara ya mwisho iwe angalau saa 4 kabla ya kulazwa usingizi. Maziwa ya kopo, saa 6.

Mwanangu wa miaka 2 alipaliwa na karanga, sasa anakohoa wiki ya pili. Duka la dawa wamenipa dawa ya kikohozi. Mama Salma, Mbagala

Mama Salma, usingoje kesho. Nenda hospitali ya Temeke leo, na neno la kwanza liwe "alipaliwa na karanga", maana karanga yenyewe haionekani kwenye eksirei. Ikibidi watampa rufaa ya Muhimbili. Hutolewa kwa mrija wenye taa unaopitishwa mdomoni, bila kukata popote. Njiani usimlishe kitu, huenda akahitaji kulazwa usingizi leo hiihii.