Sinyanyui tena mgonjwa, leseni nilipie ya nini?

SWALI

Shikamoo anti. Mimi ni nesi RN (nesi aliyesajiliwa), naishi Dallas, Texas, kwetu ni Moshi. Nilipofika Marekani nilianza kwa kuogesha wazee usiku, mchana nasoma, hivo hivo mpaka nikafaulu NCLEX, ule mtihani wa leseni ya unesi, nikafanya wodi ya upasuaji miaka 11. Mwaka 2023 mgonjwa alikuwa anadondoka nikamdaka, mgongo ukaharibika palepale, toka siku hiyo nimefanyiwa operesheni 2, sa hivi natembelea fimbo na siwezi kukaa kwenye kiti hata saa nzima bila kujinyoosha. Nalipwa SSDI, yaani hela ya ulemavu ya serikali kupitia Social Security, na pia bima ya ulemavu niliyokuwa nakatwa kazini. Sasa leseni yangu inaisha mwezi wangu wa kuzaliwa, imebaki miezi 2. Mume wangu anasema achana nayo, unalipia kitu hukitumii. Dada mmoja kanisani kaniambia Social Security wakikuta leseni iko hai watasema kumbe unaweza kazi, wanakata hela. Mi nikifungua ukurasa wa bodi ya manesi nihuishe nashindwa kubonyeza, nalia nafunga kompyuta. Nihuishe au niache?

Nesi wa Fimbo

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole, pole sana. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja manake najua mtu anayeanza kuogesha wazee usiku mpaka anafika RN amepita wapi, leseni kwa mtu kama huyo sio karatasi, ni miaka yake.

Nakujibu moja kwa moja: huisha. Usiamue kuiacha mwaka huu, na sababu yangu haihusiani na kukutia moyo kwamba utapona urudi wodini, hilo mimi silijui na sitakudanganya. Sababu ni jinsi sheria ya Texas ilivyokaa.

Angalia. Ili ubaki na leseni hai Texas unatakiwa ulipe ada kila baada ya miaka 2, haifiki dola 100, halafu uwe na saa 20 za mafunzo endelevu ndani ya hiyo miaka 2. Hizo saa 20 unaweza kuzisoma mtandaoni umelala chali kitandani na simu mkononi, leo nusu saa, mgongo ukikubali kesho saa nzima, na kozi za bure zenye ithibati zipo nyingi tu. Sasa chukulia umeiacha. Ukikaa nje chini ya miaka 4 bado unarudi kwa fomu, ada na zile saa 20. Ikifika miaka 4 mambo yanabadilika kabisa, bodi inataka upige kozi ya kurudisha ujuzi, na kozi ile ina sehemu ya wodini, unasimama na nesi mwenzio anakusimamia, unahudumia wagonjwa kwa mikono yako. Umeona hapo? Kuitunza leseni kunahitaji mtu wa kusoma, kuirudisha kunahitaji mgongo. Na mgongo ndio kitu ambacho huna. Mtu mzima wa afya akiiachia leseni yake anaweza kuirudia kwa usumbufu tu, wewe ukiiachia ikapita hiyo miaka 4 mlango unaweza kujifunga, na hakuna atakayekuwa ameufunga kwa ubaya, ndo utaratibu ulivyo. Kwa hiyo mume wako akisema unalipia kitu hukitumii, mwambie taratibu kwamba unalipia mlango usijifunge.

La Social Security. Huyo dada wa kanisani anakupenda na ana hofu ya kweli, ila amechanganya. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi, sio kazi. SSDI wanaangalia mwili wako unaweza nini na unaingiza kiasi gani, mwaka 2025 mstari wao ulikuwa dola 1,620 kwa mwezi kwa mtu asiye kipofu, na kiasi hicho hupandishwa kadri mishahara nchini inavyopanda. Kuwa na leseni kwenye droo hakukuingizii hata senti. Na hata siku ukitaka kujaribu kazi, sheria inakupa miezi 9 ya majaribio ndani ya miezi 60, kwenye hiyo miezi unaingiza mshahara na hela yako ya ulemavu inaendelea kama kawaida, mradi uwaambie, narudia uwaambie, manake wanaoumia ni wale waliofanya kimyakimya halafu miaka miwili baadae inakuja barua ya kudaiwa hela zote.

Ile bima ya kazini ndo inayonipa wasiwasi zaidi kuliko Social Security, na naona hukuiuliza. Bima nyingi za namna hiyo zinakulipa miezi 24 ya kwanza kwa sababu huwezi kazi yako ile ile, yaani unesi wa wodi, halafu baada ya hapo swali linageuka, wanauliza je kuna kazi yoyote unaweza? Hapo wataangalia elimu yako na uzoefu wako, na hivyo viwili huvifuti kwa kuacha leseni ife. Toa ile karatasi ya mkataba wa bima uisome, au mpe wakili wa mambo ya ulemavu akusomee kabla hiyo miezi haijaisha kama haijaisha bado. Kuua leseni ili bima isikuguse ni kujikata mkono kwa hofu ya kupimwa damu.

Sasa ya kutumia nini. Mi sitaki nikwambie kesho utafute kazi, mtu anayelala kila baada ya saa moja anajua mwenyewe siku yake. Lakini unesi hauishii kwenye kunyanyua watu. Kuna manesi wanapokea simu za wagonjwa usiku na kuwaambia nenda emajensi au subiri asubuhi, kuna wanaopitia mafaili ya wagonjwa kwa ajili ya bima, kuna wanaofuatilia wagonjwa wa kisukari na presha kwa simu, wengine wanafanyia nyumbani kabisa. Karibu zote hizo tangazo linasema leseni iwe hai na isiyo na doa. Na sheria ya walemavu ya 1990, ADA, inamtaka mwajiri mwenye watu 15 kwenda juu akurekebishie mazingira kama si mzigo mkubwa kwake, meza ya kupanda na kushuka, mapumziko ya kujilaza, ni vitu vya kuomba bila aibu.

Kama baada ya haya yote bado moyo unakataa, na inawezekana, kuna watu kila barua ya bodi inawatonesha kidonda na wana haki ya kupumzika, basi omba rasmi leseni iwekwe kwenye hali ya kutotumika. Usiiache tu ikaisha yenyewe. Tofauti ni kwamba umeamua wewe na kwenye rekodi inaonekana umeamua. Ila hesabu ya ile miaka 4 inaanza, iandike kwenye kalenda. Na ukiwa huko usifanye unesi hata wa kujitolea kanisani kupima watu presha kwa jina la RN, hiyo inaweza kukuletea kesi.

(Mlio majimbo mengine msikopi haya, mengine yanahesabu na saa ulizofanya kazi, ulizeni bodi zenu.)

Kuhusu kushindwa kubonyeza: usibonyeze wewe. Mkalishe mumeo kwenye kompyuta, wewe jilaze pembeni umsomee namba ya leseni, yeye ajaze. Lakini kwanza malizia saa zako 20, una miezi 2, ni kama saa mbili na nusu kwa wiki. Anza leo na ya nusu saa.