Mwanangu, liache gurudumu kwanza

Mwanangu,

Salamu za nyumbani, sote wazima. Umeuliza mawili: kama miezi mitatu Jingdezhen, mji huo wa kauri wa Uchina, inatosha kulijua gurudumu la mfinyanzi, na kwa nini buli lako la kwanza limetoka jokoni dogo kuliko mchoro, na mkono wake wa kushikia umepasuka pale unapokutana na tumbo.

La kwanza: haitoshi, wala usijisumbue nalo. Mji huo hauna utamaduni wa mfinyanzi mmoja kufanya yote. Mwaka 1637 mwandishi wa Kichina Song Yingxing aliandika kwamba kikombe kimoja hupita mikono 72, na hata leo anayefinyanga mara nyingi siye anayechonga, na anayechora siye anayetia gilezi, ule uji unaogeuka kioo motoni. Fundi amekaa miaka na kazi yake hiyo moja. Wewe ni mbunifu. Kazi yako ni kumpelekea mchoro wenye vipimo visivyo na utata, na buli lako limeharibikia hapo hapo.

Udongo wa kauri wa huko husinyaa sana, mara nyingi asilimia 15 hadi 18 tangu ubichi mpaka utoke motoni, na udongo huu si sawa na ule. Pima mwenyewe. Kata ukanda mnene kama kidole, uwekee alama mbili zilizoachana milimita 100, ukaushe, uchomwe na vitu vya watu. Ukikuta alama zimekaribiana hadi milimita 84, umesinyaa asilimia 16. Sasa, unataka buli la sentimita 10. Ukiongeza asilimia 16 utachora 11.6, nalo litatoka 9.7. Hesabu ni kugawanya: 10 kwa 0.84, yaani 11.9. Hizo milimita tatu kwenye tumbo hazionekani, lakini kwenye kifuniko ndizo zinazokifanya kigome kuingia. Kifuniko kitoke kwenye udongo ule ule, kichomwe kikiwa juu ya buli lake, katikati umepaka alumina, unga usioyeyuka motoni, visigandane.

Mkono ulipasuka kwa kuwa ulibandikwa mbichi kwenye tumbo lililokwisha kunywea. Mbichi ukasinyaa, mkavu ukakataa kufuata. Viungo viwe na unyevu sawa, vyote vigumu kama ngozi. Kwaruza pande mbili, tia tope la udongo huo huo, kisha funika kwa plastiki usiku mzima kabla ya kuachia hewa. Na mdomo wa buli, kama umefinyangwa kwenye gurudumu, utajinyonganyonga motoni kidogo, kwani udongo haujasahau ulivyozungushwa. Ncha iliyokatwa sawasawa hutoka imelala upande. Mwambie fundi aikate kwa mshazari kidogo ili kufidia mnyongo huo. Yeye anajua upande gani na kiasi gani.

Kwa miezi mitatu ningeweka nguvu kwenye kalibu za plasta, yaani maumbo matupu ya kumiminia uji wa udongo. Mshono wa kalibu upite kwenye kona ya umbo. Ukipita katikati ya uso laini, hata uukwangue uishe kabisa, moto utaurudisha kama kovu. Plasta ndiyo inayonyonya maji ya uji wa udongo, kwa hiyo kalibu iliyolowa haiachii kitu. Majira ya mvua za Juni kausha kalibu siku nzima, umimine mara chache. Vya kwanza kutoka kwenye kalibu mpya tupa, na punje ya plasta isiingie kwenye ndoo ya udongo, maana itakuja kumega kauri baada ya kuchomwa.

Fundi wa kuchonga mtazame sana. Anachonga kitu kikiwa kikavu kabisa, anakigonga kwa kidole na kusikiliza unene. Hapo vaa barakoa ya vumbi, na usifagie. Futa kwa sifongo yenye maji. Vumbi lile huua mapafu polepole.

Huko wengi huchora na kutia gilezi juu ya udongo mkavu ambao haujapita motoni. Kobalti, ile rangi ya kuchorea buluu, ukiipaka inaonekana nyeusi, buluu inakuja baadaye, na ukiirundika pale brashi ilipotua hutoka madoa meusi. Gilezi tia ndani kwanza, ikauke, ndipo unyunyize nje. Ukilowesha pande zote kwa pamoja kitu chembamba kinaporomoka mkononi. Kitako kipanguse kabisa, la sivyo kitaganda kwenye rafu. Vile vipande vya kauri ya Kichina vya magofu ya Gedi ulivyovipenda utotoni, vingi ukivigeuza utaona duara lile la udongo mtupu chini.

Majoko ya gesi ya kulipia hufika karibu nyuzi 1,300, moto ukinyimwa hewa. Vitu vikirudi vina umanjano badala ya weupe wa kibuluu, hewa ilizidi, mlaumu mchomaji wala si udongo.

Nitumie kipimo cha ule ukanda kabla hujamlipa mtu wa kalibu.

Mama yako